Vioo Saba Ukutani

"Kwaruza kwa ukucha," Dkt. Jeruto alisema kwenye simu. "Kisha uniambie umeona nini."

Nour Abdulhadi alipanda kiti, akakwaruza pembeni mwa kile kioo kidogo kilichobandikwa ukutani. Ukucha ukavunjika. Ukutani hakikutoka hata kivumbi.

"Haitoki," alisema.

"Wewe ulivibandika kwa kitu gani?"

"Kwa chokaa, daktari. Vyote saba, kwa mkono wangu."

"Chokaa ya wiki sita inakwaruzika. Hiyo ni nini?"

Nour alijua ni nini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Alinyamaza tu kwa sababu neno lenyewe lilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa anamwoa Ijumaa.

"Ni saruji," alisema mwishowe.

Tuelewane kwanza, ndipo twende mbele. Nour anasomea shahada ya uzamili katika uhifadhi wa majengo ya kale, chuo kikuu kimoja Nairobi, na Dkt. Jeruto ndiye msimamizi wake. Tasnifu yake inahusu nyumba yao wenyewe hapa kisiwani Amu, mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya matumbawe ambayo babake anampa siku ya harusi, kama watu wa Amu wanavyowapa binti zao. Ghorofani kuna ukuta wenye ufa, uliozibwa miezi michache tu iliyopita. Ukitaka kujua ufa unakua au umelala, unabandika kipande chembamba cha kioo juu yake, huku na huku, unaandika tarehe, unangoja. Ukuta ukisogea kiasi cha unywele, kioo kinakatika. Nour alibandika saba, akarudi chuoni, na kwa wiki sita kila Ijumaa mchumba wake alimtumia picha na maneno: "Vyote vizima, mpenzi. Nyumba inakungoja, na mimi pia." Naye akaandika katika tasnifu kwamba ukuta umetulia.

"Tarehe ni mwandiko wako?" Dkt. Jeruto aliuliza.

"Tarehe niliziandika ukutani kwa penseli. Ni zile zile. Vioo ndivyo vigeni."

"Vyote saba?"

"Vyote."

"Basi vipimo vyako vya wiki sita ni hewa. Harusi ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Na wageni watakaa wapi?"

Nour aliitazama ile sakafu chini ya kiti. Boriti za mikoko zinazoibeba vichwa vyake viko ndani ya ule ukuta.

"Wanawake watakaa hapa juu."

"Tafuta aliyebadilisha hivyo vioo," Dkt. Jeruto alisema. "Na mpaka ujue, asikae mtu huko juu."

Rahisi kusema ukiwa Nairobi.

Mukhtar alikuja adhuhuri kupima zulia. Huyu Mukhtar bin Aqil ndiye mchumba mwenyewe, fundi wa nyumba za mawe, tena fundi hodari. Miaka mitatu iliyopita Nour alimwendea na daftari kumuuliza jinsi chokaa inavyozimwa kwa maji. Hakumjibu kwa maneno. Alimpa mti akoroge shimo la chokaa wiki nzima, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na siku ya saba akamletea mafuta ya nazi akampa bila kumtazama usoni. Tangu hapo kumpenda hakukuwa na kazi. Na alipopewa kutengeneza ukuta wa ghorofani, alimwambia Nour mbele ya babake: "Saruji haitaingia nyumba yako nikiwa hai."

Nour alimkuta kwenye ngazi.

"Umebadilisha vioo vyangu?"

"Vioo gani?"

"Mukhtar."

"Nimekuja kupima zulia, wewe waniuliza vioo."

"Vyote ni vipya. Vimebandikwa kwa saruji."

Mukhtar aliweka chini futi yake. Mshangao wake ulikuwa wa kweli, nawaambia mapema msije mkamdhulumu.

"Vipya? Nani kaviweka?"

"Nakuuliza wewe. Picha ulikuwa ukipiga wewe."

"Nilikuwa nasimama mlangoni napiga, natuma. Wallahi sijagusa kioo chako hata kimoja. Niletee msahafu niape mbele yako."

"Na saruji imetoka wapi?"

"Mji mzima una saruji, Nour. Kila uchochoro wajengwa." Akaokota futi. "Siku mbili kabla ya nikaha waniapisha kama mwizi. Haya."

Akashuka bila kupima zulia. Baada ya muda simu ya Nour ililia.

"Nilikupenda una malengelenge mikononi. Sijabadilika. Kama huniamini waambie wasipike."

Nour aliisoma mara tatu, akalia, akaandika: "Nisamehe. Masomo yameniharibu kichwa. Nakupenda."

Hapa ningependa kumshika huyu binti bega. Mtu kaulizwa mambo mawili, kaapia moja. Lakini mwenye kupenda hukishika kile kiapo, yale mengine huyaacha yapite.

Alimpigia Dkt. Jeruto.

"Nimemuuliza. Si yeye."

"Sikukwambia unitafutie ambaye si yeye," alijibiwa.

Alhamisi akajaribu kwa babake. Bwana Abdulhadi ni mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa maneno machache, na mkewe alifariki Nour akiwa mdogo.

"Baba, naomba wanawake wakae kwa jirani, au hapa chini, uani."

"Kwa nini?"

"Ule ukuta sina hakika nao."

"Nani kautengeneza?"

"Mukhtar."

"Nani kamtaka Mukhtar?"

"Mimi, baba."

"Nyanyako alitolewa bibi arusi yuu hapo," Bwana Abdulhadi alisema. "Na mamako, Mola amrehemu. Mui mzima umeambiwa, kila mtaa. Wataka niseme nni, kwamba binti yangu hamwamini mume aliyemtaka mwenyewe?"

"Sijasema simwamini."

"Basi."

Ikawa basi. Nour hakuwa na hoja ya kumshinda, kwa sababu hakuwa na kipimo hata kimoja cha kweli mkononi.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri wanawake walijaa ghorofani, mia na hamsini hivi ukihesabu na watoto. Nikaha ilipangwa msikitini baada ya alasiri. Nour alikuwa chini, katika chumba cha ndani kabisa, kwenye mkeka, dhahabu shingoni, asumini kichwani, hina imekoza. Bibi harusi wa Amu hutulia ndani mpaka aitwe, na hakuna wa kumwona ila anayempamba. Aliyempamba ni Bi Kulthum, dada ya babake, aliyemlea tangu mamake afe.

"Mwanangu, mbona mato mekundu? Wanja utaharibika."

"Siko vizuri, shangazi. Ni vile vioo."

"Vioo vina nni? Vioo vizima." Bi Kulthum alisema kwa fahari. "Nimevitunda mwenyewe. Kikipasuka kimoya, siku iyo iyo naweka kingine."

Nour aligeuka ghafla, kijiti cha wanja kikamchora mpaka shavuni.

"Ulikuwa ukiviweka wewe?"

"Na nani tena? Ulipoondoka tu, siku ya pili, kile cha kando ya dirisha kimepasuka katikati. Nikasema hini ni hasadi, watu wameanda kukuhusudu. Nikampelekea fundi wa fremu anikatie vingine, nikabandika, nikakusomea. Si kinga yako ile? Wasichana wendo hutundika hirizi, wewe umesoma, umetundika vioo."

"Shangazi, vimepasuka vingapi?"

"Vyote. Kile cha dirishani mara nne. Wiki hini peke yake mara mbili." Akatikisa kichwa. "Wana hasadi kali, mwanangu, lakini hawakupata."

Mama wa watu, wiki sita alikuwa akipanda kiti na magoti yake mabovu ili mtoto wa nduguye aolewe salama. Nour alitaka kumkumbatia na kupiga kelele kwa pamoja. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu swali moja lilikuwa limebaki.

"Saruji ulitoa wapi?"

"Kwenye magunia ya Mukhtar. Pale chini ya ngazi, nyuma ya mitungi."

"Ya Mukhtar?"

"Alileta kumi na mbili alipokuwa akiziba ule ukuta, kisha yuu yake akapaka chokaa. Yamesalia mawili. Alinambia nisikusumbue na mambo ya ufundi, una mtihani."

Ghorofani vigoma vilipamba moto. Wanawake walikuwa wamesimama kucheza, na kila walipokanyaga pamoja, vumbi jeupe lilichuja kati ya boriti likatua kwenye mkeka. Bi Kulthum alilifuta kwa upande wa leso.

"Wanateza," alisema, akitabasamu.

"Shangazi, saruji inafungia maji ndani ya ukuta. Vichwa vya boriti vinaoza mle mle, na kwa nje huoni kitu. Ukuta unasogea. Vioo vilikuwa vinatwambia."

Tabasamu la Bi Kulthum liliondoka taratibu.

"Mimi nimevinyamazisha," alisema.

Nour alishachukua simu. Mukhtar hakupokea. Ukaja ujumbe.

"Niko barazani na masheikh siwezi kuongea. Kuna nini mke wangu."

"Uliweka saruji ndani ya ukuta?"

Alama za kuandika zilionekana, zikapotea, zikaonekana tena.

"Tuzungumze baada ya nikaha."

"Watu wako juu. Wanacheza. Utashika?"

"Leo utashika. Nilipanga kuuvunja baada ya fungate nijenge upya. Usiwashtue watu."

Vumbi likashuka tena, zito kuliko la kwanza. Nour akaandika tena.

"Mamako yuko juu Mukhtar."

Safari hii jibu halikukawia.

"Mtoe mama peke yake. Mwambie namwita. Wengine waache."

Nour aliusoma pale alipokuwa, kwenye mkeka, miguu ina hina. Kisha akainuka.

"Wenda wapi? Huyaitwa," Bi Kulthum alisema.

Alipanda ngazi. Wanawake walipomwona mlangoni vigoma vilififia, wengine wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya shughuli.

"Jamani, shukeni," Nour alisema. "Ukuta huu si salama. Shukeni polepole, mmoja mmoja, msikimbie."

Kikawa kicheko. Bi Hindu, mamake Mukhtar, alimjia na marashi yake, akamfuta wanja shavuni kwa kidole.

"Kiwewe cha harusi hicho, hata mimi nilikipata. Rudi ndani mwanangu, tutakuita."

"Bi Hindu, naomba utoke."

"Nitoke kwenye harusi ya mwanangu?" Naye akacheka kwa mapenzi tu, hakuwa na ubaya. "Pigeni ngoma, bibi harusi asije akatutoroka."

Wakapiga. Nour alisimama akitazama kile kioo cha dirishani. Kilikuwa kimekatika tena, vipande viwili. Hakuna aliyekuwa amekiona, au waliokiona walikiona kioo tu. Angeweza kupaza sauti, wakazidi kucheka. Angeweza kupiga kelele kwamba kuna moto, wakakimbilia ngazi ile nyembamba wote kwa mara moja, wakakanyagana, na sakafu ikapata mtikisiko ule ule aliouogopa.

Akashuka. Akapita chumba cha ndani bila kuingia, akapita ua, akafungua mlango wa mbele.

"Nour, huna buibui," Bi Kulthum alisema nyuma yake.

Nour akatoka. Alisimama katikati ya njia, Ijumaa, jua linawaka, uso wazi, nywele wazi, na dhahabu ya mamake yote shingoni. Punda wawili waliobeba mchanga walipita. Mwenye duka upande wa pili aliinamisha macho haraka akaingia ndani ya duka lake.

Dirishani mwanamke mmoja alichungulia.

"Bibi arusi yuko ndiani," alisema, kwanza kwa sauti ndogo kwa kutoamini. Akarudia kwa wenzake. "Yuko ndiani kitwa wazi, mbele ya watu."

Vigoma vikakoma. Hakuna kitu kingewatoa wanawake wale juu kama hicho. Walishuka na mabuibui yao, na ya wenzao, na shuka, na leso, wengine kwa hasira, wengine kwa huruma, wote kwa lengo moja tu, kumfunika mtoto wa watu. Bi Kulthum alikuwa ameelewa. Alisimama chini ya ngazi akizuia msukumano: "Polepole, mmoja mmoja, ngazi nyembamba hini." Akawapitisha hivyo mpaka wa mwisho.

"Umepandwa na nni wewe?" Bi Hindu aliuliza, akimfunika kwa buibui lake mwenyewe. "Wataka kuniaibisha mbele ya mji?"

"Juu kumebaki mtu?"

"Hakuna. Nijibu."

Bwana Abdulhadi alikuwa anakuja kutoka upande wa msikiti, na mashahidi wawili nyuma yake, kuchukua idhini. Aliona njia imejaa wanawake na binti yake katikati. Alisimama mbali kidogo, mashahidi wakageuza nyuso ukutani.

"Ni nini hiki?"

Nour alimpa Bi Hindu simu. Angeweza kumpa babake. Alimpa mama wa Mukhtar kwa sababu maneno ya mwanawe angeyaamini.

Bi Hindu aliiweka mbali na macho, akasoma kwa sauti kama asomavyo mtu asiye na miwani, neno kwa neno.

"'Leo utashika. Nilipanga kuuvunja baada ya fungate.'" Akateremsha kidole. "'Mtoe mama peke yake. Mwambie namwita. Wengine...'"

Hakumaliza. Kila mwenye mtoto alimtafuta mwanawe kwa mkono.

Bwana Abdulhadi aliichukua simu akaimalizia mwenyewe, kimya. Alitazama nyumba yake. Ilikuwa imesimama vile vile, nyeupe, haina alama, na mtu angeweza kusema binti amezua.

"Nour," alisema. "Watu wanangoja msikitini. Nalikuya na swali, na nitaliuliza. Wanipa idhini nikuoze Mukhtar bin Aqil?"

Mnajua swali hili linavyojibiwa. Mwali huangalia miguu yake, akinyamaza amekubali, na wazee huondoka wakimshukuru Mungu. Ukimya ungetosha. Ungemrudishia mchumba, ungeifuta aibu ya njiani, na kesho wangesema ilikuwa ni kiwewe. Nour alimpenda Mukhtar saa ile ile, tena sana, na ndiyo sababu ilibidi atumie mdomo.

"Siridhii, baba."

"Rudia mashahidi wasikie."

"Siridhii."

Bwana Abdulhadi aliufunga mlango kwa ufunguo, akaenda msikitini kuwaambia wanaume waende zao.

Ukuta ulianguka Jumapili, saa tano asubuhi, nyumba haina mtu. Sakafu ya ghorofani ilishuka yote na boriti zake, na zilipokatika vichwa vyake vilikuwa laini, unavimega kwa mkono.

Jumatatu Mukhtar alikuja. Alimkuta Nour na kamba ya kupimia, anaandika kila boriti na urefu wake. Tasnifu ilibidi ianze upya. Sentensi ya kwanza alishamtumia Dkt. Jeruto: "Vipimo vyangu vya wiki sita havikuwa vya kweli, na hii ndiyo sababu."

Mukhtar alikuwa amekonda kwa siku tatu. Alisimama ukingoni mwa kifusi.

"Chokaa ingetaka miezi mitano kukauka," alisema. "Babako alitaka harusi kabla ya Ramadhani. Nami niliogopa ukikaa Nairobi miezi mitano hutarudi."

"Ningerudi."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

"Kuna njia ya kunisamehe hii saruji?"

"Saruji ningekusamehe. Ningekununia mwaka mzima, kisha tungeivunja wote wawili." Sauti yake ilipasuka hapo, akaiacha ipasuke. "Nilikupenda, Mukhtar. Sijui nitaacha lini."

"Basi ni mama. Nour, nani ataacha kumwokoa mamake?"

"Mamako ningemtoa wa kwanza, hata bila kuniambia."

"Na wale wengine... Nilikuwa na hofu, sikufikiri. Nimewaomba radhi, nimezunguka nyumba kwa nyumba. Wengine wamenisamehe. Wewe unanishikia nini?"

Nour aliikunja kamba, akamtazama.

"Bibi harusi hukaa wapi, ngoma ikipigwa juu?"

Mukhtar ni mtoto wa Amu, dada zake watatu wameolewa katika nyumba kama hii. Macho yake yalishuka taratibu kwenye boriti, kwenye mawe, kwenye kona ya mkeka iliyochomoza chini ya kifusi.

"Ndani," alisema. "Chini."

"Ulitaka atoke mtu mmoja."

Nour aliikunjua kamba, akarudi kupima.